Mpwa wangu miaka 3, goti limevimba, APTT sekunde 94. Tukienda Muhimbili tuulize nini?

Mjomba_Kilombero

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa watu wa maabara, madaktari, na hasa wazazi waliopitia hili.

Mtoto ni wa dada yangu, wa kiume, ana kilo 14. Tupo Ifakara. Alipotahiriwa damu ilikataa kukatika. Akashonwa, ikaendelea kuchuruzika usiku kucha mpaka alipoongezewa damu. Tukaambiwa ni mshipa uliguswa, yakaisha. Alipoanza kutembea ikawa akijigonga kidogo tu damu inavilia, panakuwa peusi wiki nzima. Sasa goti la kulia limevimba, lina joto, hataki mtu aliguse wala hakubali kulinyoosha.

Kituo cha kwanza walimtoboa kidole, wakapima kile kipimo wanachokiita BT, muda wa tundu la sindano kuacha kutoa damu, ikatoka dakika 3. Wakasema damu yake haina tatizo, wakatupa diclofenac. Hospitali ya pili ndiyo wamepima zaidi: chembe sahani 310,000, na vipimo viwili vya muda wa damu kuganda, PT sekunde 13, APTT sekunde 94. Daktari ameandika "himofilia?", yaani ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, akatupa rufaa ya Muhimbili.

Kaka yetu mkubwa alifariki akiwa na miaka 11 baada ya kung'olewa jino. Wazee wakati ule walisema karogwa. Leo upande wa shemeji wanasema dada yangu katoka na mkosi kwao.

Nina rafiki yupo Muscat, kaniambia siku hizi kuna sindano ya chini ya ngozi inayochomwa mara chache na mtoto anacheza kama wenzake. Je, ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Na tukifika Dar tuulize nini? Nauli ya kwenda na kurudi mara mbilimbili hatuna.

---

Fundi_Plazma

Mjomba, pole kwa mgonjwa. Mimi ni mtu wa maabara, na vipimo vya kuganda kwa damu ndiyo kazi inayonilisha. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie dada yako simu: diclofenac isimame sasa hivi. Ibuprofen na aspirini vilevile. Dawa hizo zinazidhoofisha chembe sahani, na kwa mtoto huyu chembe sahani ndiyo kinga pekee iliyobaki nzima. Maumivu mpeni paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Goti lipumzike, wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, mtoe, mrudie baada ya saa mbili tatu. Asichomwe sindano ya tako. Asikandwe kwa maji moto. Na mtu yeyote asiingize sindano kwenye goti kutoa hiyo damu kabla hajapewa dawa ya kugandisha. Safari nayo isisubiri tarehe ya kliniki: goti la namna hiyo ni la kuondoka nalo kesho, mwingie kwa dharura.

Sasa hiyo BT ya dakika 3. Kwenye himofilia BT hutoka vizuri, na ndiyo maana inawapoteza watu. Ukitobolewa kidole, kazi ya kwanza ni ya chembe sahani: zinakimbilia pale tundu lilipo, zinaziba. Mpwa wako anazo 310,000, kwa hiyo ameziba vizuri kabisa. Kinachofuata, ule utando mgumu wa kushikilia kizibo kisibomoke, ndicho hana. Ndiyo maana wanaanza kuvuja tena baada ya saa kadhaa, na ndiyo maana damu inaingia ndani ya viungo, mahali ambapo kipimo cha kidole hakifiki.

PT nzima na APTT ndefu kwa mtoto wa kiume mwenye goti la hivyo na mjomba aliyekufa kwa kung'olewa jino: daktari wenu ameandika sahihi. Tegemea himofilia A, yaani upungufu wa fakta 8, au B, upungufu wa fakta 9 (fakta ni protini za kugandisha damu). A ni takriban mtoto 1 wa kiume kati ya 5,000 wanaozaliwa, B ni nadra zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dawa zake ndizo tofauti, kwa hiyo msiridhike na karatasi iliyoandikwa "himofilia" peke yake.

Maabara watachukua plazma (maji ya damu yaliyotengwa na chembe) ya mtoto na ya mtu mzima wa afya, nusu kwa nusu, wapime APTT upya. Ikirudi kawaida, maana yake kuna kitu kinapungua na plazma ya mwenzake imekijazia. Isiporudi, kuna kingamwili inayoshambulia fakta, sisi tunaiita inhibita. Halafu wanapima fakta yenyewe kwa asilimia. Chini ya 1 ni himofilia kali, 1 hadi 5 ni ya kati, zaidi ya hapo mpaka 40 ni nyepesi. Fakta 8 ikiwa chini, waombeni waangalie na ugonjwa wa von Willebrand, upungufu wa protini nyingine ya kugandisha damu, kwa sababu ugonjwa huo nao huishusha fakta 8, na wenyewe hauchagui kike wala kiume.

Kuna jambo dogo ambalo huharibu majibu kila siku, nalo ni uchukuaji wa damu. Angalieni kwa macho yenu. Tyubu ni ya kifuniko cha bluu, ndani ina dawa ya sitreti, na damu lazima ifike kwenye mstari: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Mtoto analia, mshipa ni mwembamba, mtu anapata nusu tyubu anasema inatosha. Haitoshi. Sitreti ikizidi damu, APTT inatoka ndefu ya uongo. Ikijaa, igeuzwe taratibu mara tatu nne, isitikiswe. Na msikubali damu itumwe Dar kwa basi ndani ya kibaridi chenye barafu. Damu nzima ikikaa kwenye baridi, fakta 8 na von Willebrand zinashuka, unaletewa ugonjwa ambao hauko. Ama mtoto aende mwenyewe, ama plazma itengwe ndani ya saa 4, igandishwe, isafiri ikiwa imeganda.

Kuhusu sindano ya rafiki yako wa Muscat, ni kweli ipo. Inaitwa emicizumab, jina la dukani Hemlibra, ilibuniwa na kampuni ya Chugai ya Japani na kuidhinishwa Marekani Novemba 2017. Namna ilivyofikiriwa inanifurahisha mpaka leo. Kazi ya fakta 8 ni kuzikutanisha fakta 9 na fakta 10, basi. Wajapani wakatengeneza kingamwili yenye mikono miwili tofauti, mmoja unakamata fakta 9 iliyoamshwa, mwingine unakamata fakta 10, zikutane. Fakta 8 haipo, lakini kazi yake inafanyika. Na kwa kuwa umbo lake halifanani kabisa na fakta 8, inhibita haziitambui, inafanya kazi hata kwa mwenye inhibita.

Kwa kilo 14, wiki nne za kwanza ni 3 mg kwa kilo, yaani 42 mg kila wiki. Baada ya hapo daktari anachagua: 1.5 mg kwa kilo kila wiki, au 3 kila wiki mbili, au 6 kila wiki nne. Inaingia chini ya ngozi, haitafuti mshipa.

Ila yashikeni haya. Kwa himofilia B haifai kitu. Ni dawa ya kuzuia, haizimi damu inayovuja sasa hivi. Goti la leo linahitaji fakta. Na akishaanza, APTT yake itatoka fupi au ya kawaida hata kama fakta 8 ni sifuri. Hapa ndipo ninapoogopa: mtoto anapata ajali, anapelekwa hospitali isiyomjua, wanapima APTT, wanasema mzima, wanampasua. Lazima awe na kadi inayotaja ugonjwa na dawa yake. Fakta 8 na inhibita zipimwe kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo vipimo vyetu vya kawaida vinadanganyika, inabidi kutumia kipimo kinachosomwa kwa rangi, chenye vitendanishi vilivyotokana na ng'ombe, na hicho hakipo kila mahali. Dawa ikiachwa inaendelea kuvuruga vipimo hadi miezi 6.

---

Mama_wa_Likoni

Asalaam aleikum. Mjomba, pole sana, na dada yako mpe pole yangu maalumu.

Wangu ana miaka 12, himofilia A kali. Hayo aliyosema Fundi yote nimeyaona kwa macho. Kabla ya sindano ya ngozi tulikuwa tunakimbilia fakta, na mshipa wa mtoto aliyevimba kiwiko, wallahi, ni mtihani. Wanatafuta mkono wa kulia, hapana, wa kushoto, hapana, wanakuja kwenye mguu, na damu inazidi kuingia kwenye kiungo. Sasa ni kila wiki mbili, namchoma mwenyewe nyumbani. Naitoa friji mapema ipoe ubaridi, nabana nyama ya paja kwa vidole viwili, naingiza, nahesabu pole pole, natoa. Leo paja la kulia, mara ijayo la kushoto. Chupa ina kile kikaratasi chenye nambari ya toleo, nakibandua nakigandisha kwenye daftari lake pamoja na tarehe. Daktari akilifungua daftari hana haja ya kuniuliza.

Dawa tunapata kwa msaada kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani. Msaada maana yake kuna miezi inachelewa. Kwa hiyo chupa za fakta hazikosekani kwenye friji yangu, rafu ya kati, mbali na barafu, kila mtu nyumbani anajua si za kuguswa. Muulizeni daktari wenu mapema: dawa ikikatika tutafanya nini?

Halafu la familia. Kliniki msimpeleke mama na mtoto peke yao. Mpelekeni baba. Mume wangu alisikia kwa masikio yake daktari akichora mistari ya urithi kwenye karatasi, ile karatasi akaipeleka mwenyewe kwa mamake. Tangu siku hiyo sikusikia tena neno la mkosi. Mie ningesema mwaka mzima wasingenisikiliza.

---

Nesi_Mstaafu_Moro

Naongeza machache ya wodini. Chanjo asikose hata moja. Ila mwambieni mchomaji atumie sindano nyembamba kabisa, achome chini ya ngozi pale inaporuhusiwa, kisha pabonyezwe dakika 10 bila kusugua. Meno yapigwe mswaki kila siku tangu sasa, maana jino bovu ndilo litakalomleta kwenye kung'oa. Damu ya mdomoni ikitokea, traneksamiki asidi, dawa ya kusaidia damu ikatike, ni rafiki mkubwa, dozi ataandika daktari. Akikojoa damu, hiyo msimpe, inaweza kugandisha damu kwenye njia ya mkojo akaziba.

Na goti likishatulia asiachwe amekaa tu. Nimeona watoto wanabaki na goti la kupinda kwa sababu mama anaogopa kumtembeza. Fiziotherapia ianze taratibu mara maumivu yakiisha.

---

Fundi_Plazma

Asante Nesi. Umeitaja traneksamiki, na mimi siwezi kuipita bila kumtaja aliyeivumbua. Ni mama wa Kijapani, Utako Okamoto, pamoja na mumewe Shosuke, mwaka 1962. Alichokuwa anakitafuta ni dawa ya kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Utafiti mkubwa wa kuithibitisha kwa kazi hiyohiyo, wenye kina mama zaidi ya 20,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulichapishwa 2017. Yeye alifariki 2016.

Na mwingine ni Judith Graham Pool wa Stanford. Mwaka 1964 alieleza kwamba plazma iliyogandishwa, ukiiyeyusha polepole kwenye ubaridi wa friji, inaacha masimbi meupe chini ya mfuko, na hayo masimbi yamejaa fakta 8. Hiyo ndiyo krayo. Haihitaji kiwanda, benki ya damu yenye friza na mashine ya kuzungusha damu inaweza kuitengeneza. Mjomba, hili ni lako moja kwa moja: mkifika mahali fakta ya chupa imekwisha, ulizeni krayo. Kuipandisha fakta 8 mpaka asilimia 40 kwa ajili ya goti, mtoto wa kilo 14 anahitaji kama yuniti 280 (kila yuniti 1 kwa kilo inapandisha fakta 8 kwa asilimia 2). Mfuko mmoja wa krayo huwa na yuniti kama 70 hadi 80, kwa hiyo mifuko 4. Daktari ndiye atakayepanga, lakini ukizijua hesabu hizi utajua kama kilichotundikwa kinatosha au la.

Krayo haina fakta 9. Ikiwa jibu ni himofilia B, dawa ya dharura ni plazma iliyogandishwa ikiwa nzima. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutaka jibu la A au B liandikwe wazi kwenye kadi.

Chupa za fakta zilizosafishwa kiwandani ni salama zaidi ya krayo upande wa virusi. Miaka ya 1980 mwanzoni, kabla ya dawa kupashwa moto kiwandani, wagonjwa wengi wa himofilia Ulaya na Marekani waliambukizwa UKIMWI na homa ya ini kupitia dawa zilezile za kuwaokoa. Jeni ya fakta 8 (maelekezo ya urithi ya kuitengeneza) ilisomwa 1984, na 1992 ikaja fakta isiyotokana na damu ya mtu.

---

MD4_wa_Mwanza

Fundi, vipi tiba ya jeni? Si inamaliza kabisa? Kwa nini tusimwambie Mjomba asubiri hiyo?

---

Fundi_Plazma

Asisubiri kitu, goti halisubiri. Tiba ya jeni ipo kweli: Hemgenix ya himofilia B iliidhinishwa Marekani Novemba 2022 kwa bei ya dola milioni 3.5 kwa dozi moja, Roctavian ya himofilia A ikafuata Juni 2023, dola milioni 2.9. Zote ni za watu wazima. Virusi visivyo na madhara vinabeba jeni mpaka kwenye ini, na ini la mtoto bado linakua. Na kwa A kiwango cha fakta kimeonekana kushuka mwaka hadi mwaka kwa wengi waliopewa. Ni sayansi nzuri sana, naifuatilia kwa hamu, lakini mtoto wa Ifakara mwenye miaka 3 anaokolewa na tyubu ya bluu iliyojazwa vizuri, chupa ya fakta kwenye friji ya hospitali ya karibu, na dawa ya kuzuia inayofika kwa wakati. Ukiwa daktari, tafadhali pigania hivyo kwanza.

---

Mjomba_Kilombero

Wakuu, narudi na majibu. Fakta 8 ni chini ya asilimia 1. Inhibita hakuna. Von Willebrand kawaida. Alipewa fakta, siku ya pili akaanza kukanyaga mwenyewe, goti limeshuka. Ameandikishwa kliniki, emicizumab ataanzishwa dawa za msaada zikiruhusu, na tumepewa chupa za fakta za kuweka kwenye hospitali ya hapa. Kadi anayo shingoni. Shemeji alikuja, Mama wa Likoni, Mungu akubariki.

Nina moja lililobaki. Dada ni mjamzito, miezi 6. Kliniki ya uzazi hapa hawajui habari hizi. Niwaambie nini? Na mimi nina watoto wawili wa kiume, je?

---

Mama_wa_Likoni

Alhamdulillahi. Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu.

---

Fundi_Plazma

Habari njema kabisa hizo. Nianze na wako: jeni hili linakaa kwenye kromosomu X, na mwanamume ana X moja tu. Kama ungekuwa nalo ungekuwa unavuja damu wewe mwenyewe. Huna, basi wanao hawawezi kulirithi kwako.

Dada ana kaka aliyekufa hivyo na mtoto mwenye ugonjwa, kwa hiyo tumhesabu kuwa mbebaji bila shaka. Kalipata kwa mama yenu, na hakuna alichokula wala alichotenda. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, kila wa kike nusu kwa nusu ya kulibeba. Kama mna dada wengine wapimwe kabla hawajashika mimba.

Apimwe fakta 8 yake mwenyewe kuanzia wiki ya 32 hivi. Wabebaji wengine wanakuwa na kiwango cha chini wao pia. Mimba huwa inaipandisha, kwa hiyo leba inaweza kwenda vizuri, kisha baada ya kujifungua inashuka na damu inaanza nyumbani, wiki ya kwanza au ya pili. Asiruhusiwe kurudi nyumbani bila maelekezo hayo, na traneksamiki iwe karibu.

Ajifungulie hospitali kubwa yenye fakta na bingwa wa damu wa kuuliza, na mipango ianze mwezi huu, asisubiri uchungu. Kwenye kadi yake ya kliniki waandike kwa wino mwekundu: mbebaji wa himofilia A, mtoto asivutwe kwa vakyumu wala koleo, kwa sababu kichwa cha mtoto mwenye himofilia huvuja damu kwa ndani, damu ya kitovu ichukuliwe kwenye tyubu ya bluu, ijae hadi mstarini, ipimwe fakta 8. Fakta 8 ya mtoto mchanga inasomeka vizuri tangu siku ya kuzaliwa, tofauti na fakta 9 ambayo kwa wachanga wote huwa chini. Akiwa wa kiume, sindano za msuli zisubiri jibu hilo, na vitamini K wampe kwa mdomo. Tohara nayo isubiri. Wasipokuelewa kliniki, waombe namba ya daktari wa kliniki ya himofilia aliyemwona mpwa wako, waongee wao kwa wao.